Herufi Moja Chini ya Msalaba

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi, Remera, kichwa kimenyolewa nusu. Simu iliita, nikaona ni yule fundi wa kike anayesimamia karakana ya useremala nyuma ya soko la Kimironko, nikaipokea huku kinyozi kanishika sikio. Akasema, "Muzee, Landa ametuacha. Asubuhi hii, kwa usingizi tu." Nami, Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka halikuwa pole. Nilisema, "Randa." Nikarudia polepole, kama nifanyavyo siku zote: "Ni Randa, mama, kwa R." Kisha akajibu, "Sawa, muzee. Randa ametuacha." Ndipo habari yenyewe iliponiingia. Nikamwambia kinyozi azime mashine, nikakaa pale na kitambaa shingoni, upande mmoja nywele, upande mwingine kipara, nisijue nilie au niombe radhi.

Wasomaji wa safu hii mnanijua. Miaka yote hii nimekuwa nikiwapigia kelele juu ya R na L, kwamba mto Akagera hauna L na msalaba hauna R, kwamba Kiswahili cha Kigali kinahitaji mtu wa kukipiga pasi. Wengine mmeniandikia kunishukuru, wengine mmeniandikia nikatafute kazi nyingine. Mnajua pia kwamba safu hii haitaji majina ya watu. Nililiweka sharti hilo mwenyewe, ili watu wasiogope kunisimulia mambo yao, na sijawahi kulijutia hadi wiki hii. Maana habari ya mzee huyu, kutoka mwanzo hadi kaburini, ni habari ya jina, na hapa nilipo nimeshika kalamu sijui jina gani hasa ndilo ninalowaficha.

Alikuwa mzungu, seremala, mwenye umri wa karibu miaka tisini. Alikuja pande hizi akiwa kijana, kufundisha useremala katika kituo cha kanisa huko Bujumbura, na Kiswahili alikiokota sokoni kule kabla ya kuhamia Kigali. Hakuwa padri wala hakuoa. Alipanga nyumba Kabuga, akafungua karakana Kimironko, na waliopita mikononi mwake leo wametapakaa mji mzima wakitengeneza milango, vitanda na madawati. Jina la Randa alipewa na wanafunzi wake wa kwanza, kwa sababu kile chombo cha kulainishia mbao kilikuwa hakimtoki mkononi. Hata akizungumza na wateja alikuwa amekishika, kama mwingine anavyoshika rozari. Lakini ulimi wa Kinyarwanda hauoni tofauti kubwa kati ya R na L, kwa hiyo karakana nzima ilimwita Landa, na majirani wakamwita Landa, na wenye moto, zile pikipiki za abiria, pale kituoni wakakupeleka kwa Landa bila kuuliza mara mbili.

Nilikutana naye kwa sababu ya kiti. Nilitaka kiti cha kuandikia, chenye mgongo wa kunyooka, nikaelekezwa kwake. Akanipima urefu wa paja kwa futi ya mbao, akaandika kwenye kipande cha ubao, kisha akaniuliza jina. Nikamtajia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Hilo ni la karatasi," akasema. "Nyumbani unaitwa nani?" Niliudhika. Katika mji huu swali la nyumbani si la kuulizana na mtu mliyekutana dakika tano zilizopita. Wengi wetu tumetoka njia ndefu, na kila mtu anajua mwenyewe amefunga nini ndani ya mzigo wake. Nikamuuliza jina la nyumbani linahusiana vipi na kiti. Akasema, bila kukasirika hata kidogo, "Kiti kitakaa nyumbani, ndugu yangu. Hakitakaa ofisini." Nikaangalia wale mafundi wake, wakawa wanacheka chini chini, kwa kuwa kila mteja huanza kwa kununa hivyo hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila kitu kilichotoka katika karakana ile, kiti, meza, kitanda cha mtoto, kiliandikwa chini, mahali pasipoonekana, jina ambalo mwenyewe anaitwa nyumbani kwao.

Basi nikamwambia. Mimi nilizaliwa Tanzania, upande wa Karagwe, wazazi wangu wakiwa wamevuka mto wakikimbia. Bibi yangu alinipa jina la Kinyarwanda, refu, lenye maana nzuri ambayo sitaisema hapa. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliliangalia jina hilo kwenye daftari la mahudhurio, akalijaribu, likamshinda, akaniuliza kama sina jina la kawaida. Nikasema sina. Akanipa la mdogo wake aliyefariki. Alikuwa mtu mwema, yule mwalimu, na ndiye aliyenifundisha Kiswahili ninachokulia mkate. Alinipa jina kama mtu anavyompa mtoto wa jirani shati. Nyumbani baba alituambia Kinyarwanda kisivuke mlango, tusije tukajulikana. Jina la mwalimu likaingia kwenye cheti cha shule, kutoka kwenye cheti likaingia kwenye pasi ya kusafiria, na ndilo hilo mnalolisoma juu ya safu hii kila wiki. La bibi lilikuwa limebaki kwa watu watatu duniani, na wawili kati yao wameshazikwa. Nililisema siku ile Kimironko mbele ya mzungu aliyeshika randa, na sauti yangu mwenyewe ikanishangaza. Siku ya kuchukua kiti nikakigeuza. Alikuwa ameliandika kwa penseli, herufi kubwa, ila ameweka L pale ambapo maandishi ya Kinyarwanda yanataka R. Nikamsahihisha, kama kawaida yangu. Akavaa miwani, akatazama, akasema, "Wewe ulisema hivi." Hakufuta.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita karakana kila nilipokwenda sokoni Kimironko, na ndivyo nilivyoisikia habari yake, vipande vipande, kwa miaka kadhaa. Alizaliwa katika bonde la milimani, kaskazini kabisa mwa Italia, mpakani na Austria. Watu wa bonde hilo ni Waitalia kwa pasi na Wajerumani kwa ulimi. Hawakuhama kwenda popote. Ni mpaka ndio uliohama, baada ya ile vita kuu ya kwanza. Kisha akaja mtawala wa kimabavu aliyeamua kwamba Italia ni ya Kiitaliano kila pembe. Kijerumani kikaondolewa shuleni. Vijiji vikabadilishwa majina, na mito, na vilele vya milima. Majina ya ukoo nayo yakaanza kutafsiriwa. Jina la ukoo wake lilikuwa na maana ya watu wa shamba la juu, na karani mmoja alikaa mezani akalitafuta shamba la juu kwa Kiitaliano, akaligonga muhuri. "Hakutuchapa," mzee aliniambia. "Karani alikuwa na adabu sana. Alimuuliza baba kama mwandiko unasomeka." Watoto walifundishwa kusoma lugha ya mama zao kwa kificho, kwenye zizi, mmoja akiwa nje kuangalia njia. Baadaye ukaja mkataba kati ya mtawala huyo na yule wa Ujerumani, watu wa bonde wakaambiwa wachague: anayetaka lugha yake aache ardhi ahamie Ujerumani, anayetaka ardhi yake aache lugha. Baba yake akachagua kubaki. Baba yake mdogo akachagua kuondoka. Ndugu hao wawili hawakusemeshana tena mpaka wakafa, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye aliyesaliti.

Nilimuuliza ni yupi kati yao aliyekuwa na haki, maana mimi napenda mambo yenye jibu. Akasukuma randa mara mbili, maganda ya mbao yakaanguka miguuni, akasema, "Mimi miaka themanini nawaza. Asubuhi baba, jioni baba mdogo." Nikaona ananikwepa. Sasa nadhani alinijibu.

Kuna jambo moja alilonisimulia ambalo ninyi wasomaji naomba mlishike, kwa sababu ndilo lililotufikisha tulikofika. Bibi yake, mama wa baba, alifariki yeye akiwa ndiyo kwanza ameanza shule. Wakati huo hata mawe ya makaburi yalikuwa yamepigwa marufuku kuandikwa Kijerumani. Bibi hakuwa anajua neno la Kiitaliano zaidi ya salamu, na sasa alitakiwa alale chini ya jina ambalo asingeligeukia hata ukiliita mlangoni kwake. Baba yake alikuwa seremala. Alichonga msalaba wa mbao, juu akaandika jina la serikali, kwa mwandiko mzuri kabisa ili asipate lawama. Kisha akaulaza msalaba kwenye meza, na kwenye mguu wake, ile sehemu inayozama udongoni, akachonga kwa patasi jina ambalo bibi aliitwa nyumbani. Mtoto akamuuliza baba nani atalisoma kule chini. Baba akamwambia, "Anayehusika." Mzee aliponisimulia hayo nilielewa kwa nini viti vyake vinaandikwa chini, na nilijiona mwerevu sana kwa kuelewa.

Lakini msidhani alikuwa mtu aliyenyooka katika jambo hili, kwamba aliipenda lugha hii na kuichukia ile. Angekuwa hivyo ningemwelewa, na leo nisingekuwa na kichwa kinachonizunguka. Alipohesabu mbao alihesabu kwa Kiitaliano, sikio langu lilizoea: uno, due, tre, hadi mwisho wa rundo. Alipojigonga kidole alilaani kwa Kijerumani. Aliwaombea marehemu kwa Kiitaliano pia, na nilipomtania kwamba anaongea na Mungu kwa lugha ya karani, hakucheka. Alisema hesabu na sala alifundishwa na mwalimu wa kike aliyeletwa kutoka kusini, binti mdogo mwenye baridi na upweke, ambaye alikatazwa kuwaruhusu Kijerumani na akatii. Na huyo binti ndiye aliyempa viatu alipokuja shule pekupeku kwenye theluji. "Nifanye nini na viatu vile?" akaniuliza. Vita kuu ya pili ilipokwisha watu wa bonde waliweza kurudisha majina yao. Ndugu zake wengi walirudisha. Yeye hakurudisha. Cheti chake cha ufundi kilikuwa na jina la karani, pasi yake pia, na meli iliyomleta Afrika ilimwandika hivyo. Alisema hakuwa na nguvu ya kuzaliwa mara ya tatu. Mimi nami huhesabu kwa Kiswahili, nikiota naota kwa Kiswahili, na nikikasirika na jirani zangu hapa Kigali Kinyarwanda changu kinanitoka na harufu ya Karagwe hadi wajukuu wananicheka. Wajukuu wenyewe wananijibu kwa Kiingereza. Sijui katika sisi wote nani amelazimishwa na nani amependa.

Siku moja fundi mmoja alimwita mbele yangu, "Landa, iko mteja." Nikamrekebisha yule fundi pale pale, nikamweleza randa ni nini na inaandikwaje, nikamtolea na mifano. Mzee akanyanyua mkono. "Waache," akasema. "Hawa wananiita vizuri kuliko unavyofikiri." Nikachukulia ni adabu ya mgeni, kwamba hataki kuwaaibisha vijana wake. Nikamwambia hata yeye ana haki ya kuitwa kwa usahihi. Akatabasamu, akarudi kwenye ubao wake. Niliondoka nikiwa nimeridhika na somo nililotoa.

Sasa ndiyo akafa. Kilio kilikuwa Kabuga, kwenye ua wa nyumba aliyopanga, viti vya karakana vikiwa vimepangwa safu kwa safu. Kinyarwanda kinaita ikiriyo, na mnaona wenyewe kwamba ni kilio kile kile, L imegeuka R njiani, na hakuna aliyelia pungufu kwa sababu hiyo. Hayo ya mwisho nayaona leo. Siku ile sikuyaona. Shida ilianza pale mambo ya mazishi yalipotajwa, na ilikuwa shida moja tu: msalaba uandikwe nani. Karatasi ya kibali ilikuwa na jina la pasi, yaani la karani. Jirani mmoja mzee, aliyelelewa Burundi na kuwa naye karibu kanisani, akasema jina la kibali ndilo jina, tusitafute matata na ofisi. Yule fundi wa kike, ambaye alianza kwake akiwa binti na leo ana watoto watatu na karakana nzima mikononi, akasema hapana, muzee wake hatalala chini ya jina la watu waliomnyang'anya jina. Wakanigeukia mimi. Nikiwa mtu wa maneno, nilitarajiwa kujua. Nikawasimulia habari ya msalaba wa bibi yake, juu jina la serikali, chini jina la nyumbani, na ua mzima ukaitikia. Lilikuwa jambo la wazi. Kila mtu alikubali, hata yule jirani.

Kisha fundi akauliza, "Sawa, muzee. Sasa nyumbani aliitwa nani?" Nikafungua mdomo. Nilijua maana ya jina lake la ukoo, shamba la juu, kwa sababu alinieleza. Jina lenyewe kwa Kijerumani hakuwahi kulitamka mbele yangu, na mimi sikuwahi kuuliza. Jina ambalo mama yake alimwitia chakula, hilo ndilo sikulijua kabisa. Nikatazama wale mafundi, wanaume na wanawake, kama ishirini hivi, kila mmoja alishaulizwa swali lile na yule mzee, kila mmoja ana kiti chenye jina lake chini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemrudishia swali. Tulimwona ni mtu anayeuliza, tukasahau kwamba naye alitoka kwa watu. Tukampigia simu mpwa wake wa kike, ndiye ndugu pekee ambaye tulikuwa na namba yake, simu ikaita bila kupokelewa. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nne asubuhi.

Mchana ule nikaenda karakana. Msalaba ulikuwa mezani, mbao ya mvule, umepigwa randa hadi unang'aa. Juu walikuwa wameshachonga jina la kibali. Fundi akanivuta upande wa mguu wa msalaba na kunionyesha alichoandika kwa penseli, tayari kwa patasi. Herufi tano kubwa: LANDA. Akasema, "Tumekosa jina ya kwao. Tumeona tuweke hii yetu. Si hata hapa ilikuwa nyumbani?" Wazo lilikuwa zuri, lilinigusa hadi machozi yakanilenga. Na pamoja na machozi hayo, wasomaji wangu, mkono wangu ulikwenda mfukoni ukatoa kalamu. Nilimwambia, kwa upole, kwamba mtu atalala na neno hili milele na haifai alale na kosa. Nikaikata ile L nikaandika R juu yake. Aliangalia herufi yangu kwa muda. Kisha akasema, "Wewe ndiyo unajua kuandika, muzee," akachukua patasi. Nilikaa hadi alipomaliza, nikahakikisha mguu wa R umetoka vizuri. Tukamzika kesho yake, msalaba ukazamishwa, udongo ukashindiliwa, na nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba angalau jambo hili moja tumelifanya sawasawa.

Mpwa wake alipiga simu siku ya tatu. Naye ni mtu mzima, amestaafu; alikuwa hospitali na simu ilikuwa imezimwa. Tukaongea kwa Kiingereza cha kuungaunga, changu na chake. Alilia kidogo, akashukuru sana, kisha akauliza alizikwa kwa jina gani. Nikamweleza juu tumeandika nini. Akaguna. Nikamwambia asihuzunike, na kwa fahari nikamsimulia habari ya mguu wa msalaba, na kwamba tulikosa jina la nyumbani, tukachonga lile ambalo watu wa huku walimwita. "Land," akasema haraka. "Mmeandika Land." Nikadhani simu inakoroma. Nikamwambia hapana, ni Randa, chombo cha seremala, ila vijana wetu ulimi unateleza wanasema Landa. Ndipo akanieleza, polepole, kama mtu anayeogopa kumwumiza mgeni. Kwa lugha yao neno Land maana yake ni nchi. Mjomba wake aliwaandikia barua kila Krismasi, na miaka yote hii aliweka sahihi hivyo, Land. Barua moja aliwaeleza sababu. Kwamba kwao serikali ilimpa nchi ikamnyima jina, na pasi ikampa jina lisilo na nchi, na huku Kigali kuna vijana wa karakana ambao kwa kukosea herufi moja wamemwita Nchi, tena kila siku, tena kwa mapenzi. Aliwaandikia pia, yule mama akanisomea, kwamba ana rafiki mwandishi anayejaribu sana kuwarekebisha, na kwamba anamwombea rafiki huyo asifanikiwe.

Sikumwambia nilichofanya. Hili naliandika ili nilikiri mahali fulani, maana kwa simu nilishindwa, nikamwambia tu ndiyo, tumeandika hivyo, Land. Fundi wa kike nilimwambia. Nilikwenda Kimironko nikasimama katikati ya maganda ya mbao nikamweleza maana ya lile neno. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Aliuliza, "Tuutoe?" Kuung'oa msalaba wa mtu siku ya nne baada ya kumzika, kwa ajili ya herufi isiyoonekana, mbele ya ofisi na majirani, tungeeleza nini? Akasema atafikiri. Mimi pia nimesema nitafikiri, na nafikiri asubuhi hivi na jioni vile.

Safu hii naiandika nimekalia kile kiti. Kabla ya kuanza nilikigeuza, nikalisoma tena jina la bibi yangu, lile alilolikosea mzee, L mahali pa R. Nikalisoma kwa sauti jinsi lilivyoandikwa. Ndivyo bibi alivyolitamka. Bibi yangu hakuwahi kwenda shule, hakujua maandishi yanataka nini, aliniita kwa L maisha yake yote, na mimi mbele ya yule mzee nililisema kama nilivyolisikia kwake. Aliandika alichosikia. Mwalimu wangu wa Karagwe alikuwa mwema, karani wa bondeni alikuwa na adabu, na mimi nilikuwa nalia nilipotoa kalamu. Sote watatu tulitaka jina la mtu likae vizuri kwenye karatasi yetu. Kwa hiyo kuanzia wiki hii sitawasahihisha tena R na L hadi niwe nimeuliza kwanza, na nawaomba nanyi, kabla hamjanyoosha jina la mtu, mmuulize kwao anaitwaje, kisha mngoje jibu. Mimi sikuuliza. Sasa huko chini, mahali ambapo baba yake alisema atasoma anayehusika, rafiki yangu amelala na neno lililoandikwa sawasawa kabisa, kwa mkono wangu, na si jina lake.